Urithi wa Upande wa Mama

Siku Khisa alipomwita Hesbon ndugu yake, Hesbon alikasirika sana. Kwa miaka mingi alikuwa akilitafuta neno hilo moja tu kutoka kinywani mwa Khisa. Alilitafuta kwa chifu, akalitafuta kwa wazee wa ukoo, akalitafuta hata kwa pasta. Hakulipata. Sasa limeletwa bure mpaka Kamukuywa, mchana, siku ya soko, naye halitaki tena.

Hesbon alikuwa fundi wa pampu za kunyunyizia dawa, zile ambazo mkulima huzibeba mgongoni kama mtoto. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, jirani na mama anayeuza miwa. Pampu ikikataa kutoa dawa watu husema, mpelekee Hesbon. Yeye huitikisa, huitegea sikio, hunyamaza kidogo, kisha husema, "Imeziba hapa." Na hakosei. Shida ni kwamba pampu yake mwenyewe ilikuwa imeanza kuziba tangu mwaka jana, na hiyo hakutaka mtu yeyote aitegee sikio.

Khisa alishuka kwenye matatu upande wa pili wa barabara akavuka taratibu, kama mtu aliyeweka mayai mfukoni. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, na lilimpwaya.

"Habari, ndugu yangu," akasema.

Hesbon aligeuka kutazama nyuma yake, aone ni ndugu wa nani anasalimiwa.

"Unasalimia nani?"

"Wewe. Ndugu yangu wa damu."

"Mzee Khisa, umepotea njia. Si ulisema kwa chifu ati mimi nililetwa mgongoni kama mzigo ya wenyewe? Ukasema mtoto wa Wabwile ni wewe peke yako, na shamba ya Kitale ni yako peke yako. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka hapo na viatu mkononi, matope ilikuwa mingi."

"Nilisema."

"Basi."

Mama wa miwa alikuwa ameacha kumenya. Mteja wake alikuwa ameacha kutafuna.

"Sikuja maneno ya shamba," Khisa akasema. "Nimekuja maneno ya mkojo."

Hesbon akashika pampu iliyokuwa karibu, akaanza kuifungua ingawa ilikuwa nzima.

Khisa alieleza palepale, amesimama, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti. Ameugua kansa ya prosteti, yaani tezi dume. Amekuwa akitibiwa Eldoret. Madaktari walishangaa ilivyomshika mapema na kwa nguvu, wakachukua damu wakaipeleka kwa watu wanaochunguza mambo ya kuzaliwa. Damu ikarudi na habari kwamba ndani yake kuna kitu kimeandikwa tofauti, kitu cha kurithi, na mwanamume aliye nacho yuko kwenye hatari kuliko wengine.

"Wakaniuliza niko na ndugu wangapi," Khisa akasema, akitazama viatu vyake. "Nikasema mmoja."

"Hapo ndipo ulikosea. Ungesema huna."

"Hesbon, upimwe. Ikipatikana mapema inatibika. Mimi yangu ilichelewa, sasa nameza dawa na matiti yanamea kama ya msichana."

Mteja wa miwa akatazama kifua cha Khisa, akatazama pembeni.

"Pole," Hesbon akasema, na pole hiyo ilikuwa ya kweli, ilimtoka kabla hajaizuia. Kisha akajikaza. "Lakini hiyo ni damu ya kina Wabwile. Mimi si wa huko. Uliza chifu."

Khisa akasimama kidogo zaidi, akaona kiti hakiji, akavuka barabara akarudi zake.

Habari ilifika nyumbani kabla ya Hesbon. Mkewe, Nasambu, anauza ndizi upande wa juu wa soko, na mama wa miwa hakuwa mtu wa kukaa na maneno yakamharibikia.

"Baba Wabwile, karibu chai," Nasambu akasema.

Hesbon akasita mlangoni. Kifungua mimba wao, aliye chuoni Kibabii sasa, walimpa jina la Wabwile makusudi ule mwaka wa kesi, ili Kamukuywa nzima iwe inalitaja kila siku na Khisa asikie mpaka Kitale.

"Usiniite hiyo jina."

"Nikuite nani?"

"Niite Hesbon."

"Mwanaume wa watoto nimuite Hesbon, kama askari wa kanjo? Mimi siwezi. Kaa chini."

Alikaa. Nasambu akammiminia chai, akamsogezea ndizi za kuchemsha, akangoja kinywa kijae ndipo aanze.

"Utaenda kupimwa lini?"

Hesbon alimeza kwa shida. "Hiyo ugonjwa ni ya Wabwile. Mimi nilishindwa kesi. Kushindwa ni kushindwa."

"Si miaka yote umesema chifu alikuwa amelewa?"

"Alikuwa amelewa. Lakini alisema."

"Na hapo kwa choo," Nasambu akasema, "unakaa ukifanya nini? Unasoma Biblia yote? Ukiingia nasikia. Tii. Kimya. Tii. Kimya. Ata bomba ya kanjo inatoa maji kuliko wewe."

"Kumbe wewe husikiliza?"

"Choo ni ya mabati, Baba Wabwile. Majirani pia husikiliza, vile tu hawasemi. Ata kanisani siku hizi unakaa kiti ya mwisho, pasta akifika katikati ya mahubiri unatoka. Anadhani umemkasirikia. Amekuja kuniuliza mara mbili kama alisema kitu mbaya."

Hili la pasta lilimuuma Hesbon, kwa sababu lilikuwa kweli.

Wakati huo Mama Nakhumicha aliingia uani. Yeye ndiye mama wa Khisa na Hesbon wote wawili, na alikuwa na nyumba yake ndogo hapo nyuma ya jikoni. Alikuwa anatoka mazishi ya Mzee Walubengo, akiwa na fimbo mkono mmoja na kipande cha nyama kilichofungwa kwa jani mkono wa pili.

"Mmemzika vizuri, Mama?" Nasambu akauliza.

"Vizuri kabisa." Akaketi. "Huyo alikuwa wa mwisho. Bakoki wa marehemu mzee wangu, wale walitahiriwa naye mwaka mmoja, sasa wameisha. Hakuna hata mmoja amebaki."

Alilisema hilo kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba kubwa. Nasambu alidhani ni huzuni, akamwongezea sukari.

Kisha akamweleza habari za Khisa. Mama mzee aliweka nyama chini.

"Mtoto wangu ni mgonjwa hivyo, na habari inapitia kwa mwenye miwa?"

"Anasema ni ya kurithi, Mama. Anasema Hesbon apimwe. Na Hesbon anasema yeye si wa Wabwile."

Nakhumicha alimtazama kitinda mimba wake kwa muda. Hesbon alitazama ndizi.

"Ni sawa," mama mzee akasema. "Na sasa mtafanya nini?"

"Nitaitisha kikao," Hesbon akasema.

"Ya nini?"

"Wale wazee walisema mimi si mtoto wa Wabwile, waseme tena, waziwazi, na daktari akisikia. Aniondoe kwa hiyo hesabu yake."

Nasambu alicheka mpaka akamwaga chai. Mama mzee hakucheka. Aliomba tu aambiwe siku, kwa sababu naye angependa kwenda.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Khisa, nje kidogo ya Kitale, mahindi yakiwa yameanikwa kwenye turubai na kuku wakifukuzwa kila mara. Chifu alikuwa amestaafu, akatuma salamu. Wazee wa ukoo walikuja, kwa sababu walisikia kuna chai na maandazi. Mzee Mbugua naye alikuja. Yeye ni jirani wa Khisa, watu wake walitoka upande wa Nyeri zamani wakanunua shamba hapo, na ndiye aliyekuwa shahidi wa Khisa wakati wa kesi. Wanawake waliketi kwenye mkeka pembeni wakichambua maharagwe.

Khisa alikuwa amemwalika Jerono, afisa wa kliniki anayefuatilia familia za wagonjwa kama yeye. Alikuwa msichana mfupi mwenye koti jeupe na viatu vya matope, na huku kwetu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari.

Hesbon alisimama, akakohoa.

"Wazee, mnajua mimi niliomba kuingia kwa hii familia, mkanikataza. Niliumia. Lakini sasa nimewaelewa. Nasema mlikuwa na haki. Mimi sio mtoto wa Wabwile, na ninaomba mseme hivyo tena mbele ya daktari, ndio niende nyumbani."

Wazee wakatazamana. Mzee Mbugua akavua kofia.

"Mimi nimeishi huku tangu nikiwa na meno yote," akasema. "Nimeona watu wakipigania kuingia kwa familia. Nimeona wakiletana kortini. Mtu kupigania kutoka, hii ndio ya kwanza."

"Lakini wewe, Mzee Mbugua, si ulikuwa shahidi?"

"Nilikuwa. Nilisema niliambiwa na Khisa. Khisa akasema mimi ni shahidi. Tukazunguka hivyo mpaka chifu akachoka."

Khisa akajisogeza kwenye kiti. "Mimi naondoa yale maneno," akasema. "Hesbon ni ndugu yangu."

"Usiondoe," Hesbon akasema. "Maneno yako yalikuwa mazuri."

"Nimeondoa, bana."

"Ati umeondoa, na chifu hayuko? Huwezi."

Jerono alikuwa akiwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia kanisa ambalo si lake. Aliinua mkono.

"Samahani, wazee wangu. Mama yenu ni nani?"

Lilikuwa swali la ajabu kidogo. Khisa akaonyesha mkeka kwa kidevu. Hesbon naye akaonyesha mkeka.

"Ni yule mmoja?"

"Ndio, ni mmoja," wakasema pamoja.

"Basi hii kikao ni ya nini?"

Jerono akavuta kiti akawasogelea, akaongea taratibu.

"Ndani ya damu kuna maagizo, yale yanaambia mwili vile utajijenga na vile utajitengeneza ukiharibika. Nusu unapewa na baba, nusu unapewa na mama. Kwa Mzee Khisa kuna agizo moja liko tofauti. Lile lingetengeneza mahali pameharibika halifanyi kazi vizuri, ndio kansa inapata nafasi haraka. Sio kila mtu aliye nalo atagonjeka, na wengi wanagonjeka bila kuwa nalo. Lakini aliye nalo, lazima tumwangalie mapema. Na linaweza kutoka kwa baba, linaweza kutoka kwa mama."

"Hapo kwa mama, hapana," akasema mzee mmoja wa ukoo, mwenye pua kubwa, akiwa na andazi mkononi. "Shamba hutoka kwa baba. Jina hutoka kwa baba. Ukoo hutoka kwa baba. Ugonjwa utatokaje kwa mama? Na mwanamke ata hana hiyo prosteti."

"Hana, lakini anabeba agizo na anapatia watoto. Mzee, hiyo pua ulipewa na nani?"

Mzee akaishika pua yake.

"Watu husema ni ya mjomba."

"Mjomba ni ndugu ya nani?"

Mzee akamaliza andazi lake kimyakimya na hakuongea tena siku hiyo.

Hesbon bado alikuwa amesimama. Polepole akaanza kuona hesabu ilivyokuwa. Alikuwa amejitoa kwa Wabwile, akatoa na jina, akatoa na haki yake ya shamba, na ugonjwa ulikuwa umepitia mlango wa nyuma.

"Sasa mimi nimekataa baba bure?" akauliza.

Ndipo Nakhumicha akaongea kutoka mkekani. Hakusimama. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Kaka zangu wawili walikufa kwa kushindwa kukojoa," akasema. "Mmoja akafuata mwingine. Tukasema ni jirani amewaroga, ati alikuwa amekasirika juu ya fahali yake tulikula. Tukamfukuza. Maskini alikuwa mtu mzuri, na kuku zake zilikuwa zinataga sana."

"Mama," Khisa akasema, "mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza lini? Mliita chifu. Mliita wazee. Mkamwita Mbugua ambaye wakati huo nazaa alikuwa hajajua Kitale iko wapi. Mimi niliyewazaa nilikuwa hapa hapa, nawapikia hiyo chai ya kikao. Nani alisema, hebu tuulize mama?"

Mzee Mbugua akavaa kofia yake.

"Na nyinyi nawashangaa," mama mzee akaendelea. "Mali ya baba yenu mliing'ang'ania mpaka mkaacha kusalimiana. Hii mali yangu, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Chukua wewe. Hapana, chukua wewe."

Nasambu aliinama juu ya maharagwe, mabega yakitikisika.

Khisa peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake, na uso wake ulikuwa umerudi utotoni.

"Uliniacha," akasema. "Ulienda kwenu Kimilili ukaniacha na baba. Nilikuwa napika ugali inaungua. Kisha ukarudi na huyu mgongoni. Nilikuwa nimekaa nikikungoja, na ukarudi na mtoto mwingine."

Hapo hata kuku walisahauliwa, wakapanda turubai wakajilia mahindi.

Nakhumicha aliweka ungo chini.

"Kweli," akasema. "Baba yako alinipiga, nikaenda kwetu. Yeye akaapa mbele ya bakoki wake, pombe iko katikati, ati Wabwile hawezi kufuata mwanamke aliyetoka kwake. Kama ni kurudi atarudi mwenyewe. Bakoki wakamsifu. Na mtu akisema kitu mbele ya bakoki akiivunja, watamcheka mpaka kwa kaburi. Watamcheka hata akiwa ndani ya sanduku, mnawajua."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Waliwajua.

"Basi akawa anakuja kwa baiskeli, giza likiingia, amezima taa asionekane. Anagonga dirisha. Anaomba msamaha, anarudi kabla ya jogoo. Mnafikiri tulikuwa tunaongea maneno ya mahindi peke yake? Siku moja akaanguka kwa mtaro akapasua mguu."

Khisa akainua kichwa. "Kile kidonda cha hapa mbele? Alituambia alipigwa teke na ng'ombe wa mzungu."

"Ng'ombe gani? Alipigwa na baiskeli. Nimeiosha mimi na maji ya chumvi, akilia kama mtoto. Na akaniapisha nisiseme maadamu mkoki wake hata mmoja yuko hai. Nami nikaapa, kwa sababu alikuwa amekuja na mguu umepasuka kuniomba. Mwanaume kama huyo unamwekea siri." Akachukua ungo tena. "Walubengo tumemzika wiki iliyopita. Alichelewa kufa, lakini amekufa."

Mzee mwenye pua alitaka kusema kitu, akakumbuka pua, akanyamaza.

Nasambu ndiye aliyeinuka. Alimwendea mumewe, akamkung'uta makapi ya maharagwe kwenye shati, ingawa yalikuwa yameangushwa hapo na mikono yake yeye mwenyewe.

"Umesikia? Wewe ni wa Wabwile na wewe ni wa mama. Pande zote imekushika. Sasa kesho tunaenda kliniki, Baba Wabwile."

Naye Hesbon, kwa mara ya kwanza tangu Khisa avuke barabara, aliitika jina hilo.

Kliniki ilikuwa na benchi refu la wanaume, na kila mmoja alijifanya ameleta mtu mwingine. Khisa aliketi na Hesbon. Walikuwa hawajakaa benchi moja tangu mazishi ya baba yao.

"Watatoa damu," Khisa akasema.

"Damu haina shida."

"Halafu kuna ile ingine."

"Nimesikia. Nasambu amesema ni kidole." Hesbon akatazama ukuta, ambako kulikuwa na picha ya mama akinyonyesha. "Ni kidole gani?"

"Kwani utachagua? Shukuru ni Jerono, mkono yake ni kidogo. Mimi nilipata jamaa wa Eldoret, mkono kama wa mtu wa kuchimba mtaro. Akaniambia, mzee, legeza. Nikamwambia, wewe ndio ulegeze."

Hesbon alicheka kabla hajajua anacheka na nani. Kisha jina lake likaitwa, jina lote, Hesbon Wabwile, na Khisa akamsukuma kidogo begani.

Alitoka akitembea kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Akaketi kwa upande mmoja.

"Vipi?" Khisa akauliza.

"Aliniambia nipumue. Nimepumua mpaka pumzi ya mwaka ujao." Sauti ya Hesbon ikashuka. "Khisa, alinyamaza."

"Nani?"

"Huyo msichana. Alikuwa anaongea, ananiuliza habari za pampu. Halafu akafika mahali akanyamaza kidogo. Mimi najua hiyo kunyamaza. Hata mimi ndivyo hufanya nikipata mahali imeziba."

Khisa alivua lile koti lake kubwa, akalikunja vizuri, akamwekea ndugu yake akalie.

Majibu yalichukua muda, hasa yale ya maagizo ya damu, ambayo yalipelekwa mbali. Yalipokuja yalikuwa kama Hesbon alivyoyasikia kwenye ule ukimya. Kansa ilikuwepo, lakini ilikuwa bado imekaa mahali pake kama mgeni ambaye hajavua viatu. Jerono alisema imewahiwa, wataondoa, na uwezekano wa kupona ni mkubwa. Lile agizo tofauti Hesbon alikuwa nalo. Mama Nakhumicha naye alitoa damu, akimlaumu Jerono kwamba sindano yake ni butu, na lilipatikana kwake.

"Sasa watoto wenu wakubwa waje tuongee nao," Jerono akasema. "Na wasichana pia. Kwa wanawake linaweza kuleta ya titi. Na wewe, Mama, tutakuwa tunakuangalia."

"Mniangalie vizuri," mama mzee akasema. "Nimekaa miaka mingi bila kuangaliwa."

Upasuaji ulihitaji pesa, na bima ililipa pale ilipopenda. Nasambu aliuza ndizi akakopa, akauza tena. Hesbon aliweka pampu mbili za kuazimisha sokoni ziuzwe. Ndipo Khisa akatuma ujumbe kwamba mahindi ya ule upande wa chini wa shamba, ule walioukosania, ameyauza yote, pesa zimelipwa hospitali, na asisikie mtu akisema asante, kwa sababu hakuna mtu hushukuriwa kwa kurudisha.

Hesbon alisoma ujumbe huo, akampa Nasambu simu ausome, akaichukua akausoma tena. Kisha akasema kuna vumbi. Ulikuwa ni wakati wa mvua.

Msimu wa kupanda ulipofika, Hesbon alikuwa amepata nguvu ya kushika jembe ingawa si ya kulitumia. Walikutana Kitale kugawa shamba, wao wenyewe, bila chifu. Mzee Mbugua alikuja kushika kamba, akasema safari hii ataona kwa macho yake ndipo awe shahidi. Khisa alishikilia upande mmoja, Hesbon wa pili, Nasambu akichimba mashimo ya mkonge wa mpaka.

Mama Nakhumicha alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, katikati kabisa ya mstari. Walimwomba asogee. Hakusogea.

"Pigeni kamba moja hapa," akasema, akionyesha kwa fimbo, "na nyingine pale. Hii ya katikati ni yangu."

"Mama," Khisa akasema kwa heshima, "umri wako huu, unataka shamba ya nini?"

"Ya kurithisha. Mnafikiri nitakubali mnikumbuke kwa kansa peke yake? Nataka niwaachie kitu mtaipenda. Hata mkiipigania kidogo nitafurahi huko niliko."

Mzee Mbugua alianza kusema kwamba kisheria jambo hilo lina njia yake. Mama mzee akamtazama. Mbugua akasogeza kamba.

Walipokuwa wakipima upya, Hesbon aliweka jembe chini, akasema anakuja, akaingia nyuma ya mabua makavu ya mahindi yaliyobaki kwenye kile kipande cha katikati. Nasambu akaacha kuchimba. Ilikuwa mazoea, hakuweza kujizuia. Khisa naye akasimama na kamba yake mkononi, na Mbugua, ambaye hakuwa anajua wanasikiliza nini, akasikiliza pia.

Mkojo ukaanza. Haukuwa tii na kimya. Ulikuwa mfululizo mmoja, mrefu, wenye nguvu, unaogonga majani makavu kama mvua ya Kitale ikianza kwenye mabati, ukaendelea, ukaendelea mpaka ukaisha.

Nasambu akajipangusa uso kwa kanga, akachukua jembe lake.

Mama Nakhumicha akanyoosha shingo kutazama mabua yalipokuwa yakitikisika, akapima kwa fimbo.

"Mnaona," akasema. "Ameanza kwa kumwagilia upande wangu."